SSD ya GB 60 kwenye Debian: nini kibaki humo, nini kihamie HDD?

mlinzi_wa_faili aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani yenye SSD ya GB 60 na HDD ya TB 1. Debian 12 imekaa kwenye SSD. HDD nimeiwekea mfumo wa mafaili wa ext4 lakini bado iko tupu. RAM ni GB 8. Kazi zangu ni kivinjari chenye vichupo vingi, programu ninazoandika kwa Python, kontena chache za Docker, na mashine pepe moja ninayoiwasha karibu kila siku. Kuna mashine pepe nyingine za zamani ambazo sijazigusa muda mrefu ila sitaki kuzifuta.

SSD sasa imejaa. Sasisho la juzi limekwama katikati kwa kukosa nafasi. Hali ikisomwa kwa `df -h /` ni hii:

```
Filesystem      Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/sda2        47G   43G  1.3G  98% /
```

Patisheni ziko tatu: sda1 ni EFI, sda2 ndiyo hiyo ya mfumo, na sda3 ni swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya GB 8 iliyokaa mwishoni mwa diski. Nikipima folda kwa `du -xh --max-depth=3 / | sort -h` nakuta, kati ya mambo mengine:

```
1.3G  /var/cache
1.6G  /home/mimi/.cache
3.1G  /var/log
6.1G  /home/mimi/Videos
8.4G  /var/lib/docker
9.5G  /usr
9.8G  /home/mimi/VM
14G   /var
19G   /home
```

Naomba msaada kwa mambo mawili. La kwanza, 47 ukitoa 43 inabaki 4, mbona df inaniambia 1.3? La pili, kila ninaposoma naambiwa nihamishe /home yote na /var yote kwenda HDD, nizime na swap, ili SSD isichakae. Nikifanya hivyo si nitabaki na SSD yenye nafasi tele na kompyuta nzito kama ile ya zamani? Ningependa kujua wenye uzoefu mnapangaje.

---

fundi_saraka alijibu:

Karibu mkuu. Nianze na lile la pili, kwa sababu hofu yako ni ya kweli na ushauri uliopewa ndio wenye kasoro.

Ukiwa na SSD ndogo, usipange mafaili kwa ukubwa wake. Jiulize: faili hili likikaa kwenye HDD, kichwa cha kusomea kitaruka mara ngapi? HDD ya mizunguko 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa hiyo kila ukiomba kipande cha data kilicho mahali pengine, kwa wastani unasubiri nusu mzunguko, yaani milisekunde 4 hivi, na juu yake muda wa mkono kusogea. Jumla inakaribia milisekunde 12 au zaidi, ambayo ni maombi kama 80 tu kwa sekunde. SSD ya SATA, hata ya bei ya chini, hujibu maelfu kwa maelfu kwa sekunde hiyo hiyo. Pengo kubwa liko hapo. Kwenye kusoma faili moja refu kwa mfululizo, HDD yako inatoa zaidi ya MB 100 kwa sekunde bila taabu, na video ya 1080p inahitaji takriban MB 1 kwa sekunde. Video zako haziambulii chochote kwa kukaa kwenye SSD.

Sasa angalia /home yako kwa jicho hilo. Ndani yake kuna Videos na VM, ambavyo ni vizito, lakini kuna pia `~/.mozilla` yenye `places.sqlite` na `cookies.sqlite`, kuna `~/.config`, kuna `~/.local`, na kuna mazingira yako ya Python yenye maelfu ya vifaili vidogo. Ukifungua kivinjari, au ukiandika `import` ya maktaba kubwa, mfumo unagusa mamia ya vifaili hivyo kwa mpigo. Vihamishie HDD uone: mashine itawaka haraka, kisha kivinjari kitakuchelewesha kila asubuhi. Wanaohamisha /home yote hupoteza sehemu kubwa ya faida waliyoinunulia SSD. /home ibaki ilipo. Toa mizigo tu.

Hilo la kuchakaa nalo limekuzwa kupita kiasi. Kila SSD ina kiwango cha uandishi ambacho mtengenezaji anakihakikishia, kinaitwa TBW. Tuseme yako ni TB 40 na wewe unaandika GB 10 kila siku: hiyo ni siku 4000, karibu miaka 11. Usikisie, pima. Sakinisha smartmontools, kisha:

```
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Tafuta mstari wa Total_LBAs_Written. Kwenye SSD nyingi ukiizidisha namba ile kwa 512 unapata baiti zilizoandikwa tangu ianze kazi, ingawa watengenezaji wengine huhesabu kwa kipimo chao, kwa hiyo soma na karatasi ya modeli yako.

Kinachoiumiza SSD ndogo kuliko uandishi wako wa kila siku ni kujaa. Data huandikwa kwa kurasa za kilobaiti chache, lakini kufuta hufanyika kwa bloku nzima, ambayo ina kurasa nyingi sana. Diski ikijaa, kidhibiti (chipu inayoiongoza SSD) kinakosa bloku tupu; kila ukiandika kidogo, chenyewe kinalazimika kuhamisha data iliyo hai kutoka bloku moja hadi nyingine ndipo kipate pa kufuta. Ni kama chumba kilichojaa magunia hadi mlangoni: huingizi moja kabla hujatoa mengine nje. Kwa hiyo ukiwa kwenye asilimia 98, kompyuta inapungua kasi na SSD inachakaa zaidi, vyote kwa pamoja. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi siku zote, na hakikisha TRIM inafanya kazi ili kidhibiti kijue bloku zipi hazina mwenyewe:

```
lsblk -D
systemctl is-enabled fstrim.timer
sudo fstrim -v /
```

Kwenye amri ya kwanza, DISC-GRAN na DISC-MAX zisiwe sifuri. Kama ni sifuri, mara nyingi SSD imeunganishwa kupitia kasha la USB lisilopitisha TRIM, au iko ndani ya LUKS (usimbaji wa diski) ambayo haijaruhusiwa kuipitisha; hapo unaongeza neno `discard` kwenye mstari wake ndani ya /etc/crypttab. Timer yenyewe ikipita mara moja kwa wiki inatosha kabisa. Hakuna haja ya `discard` kwenye /etc/fstab, ile orodha ya diski zinazopachikwa kompyuta ikiwaka.

Swali lako la kwanza ni jepesi. ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, ili diski ikijaa huduma za mfumo zisianguke pamoja na programu zako. Kwako ni kama GB 2.4. Ni busara kubakiza kidogo, ila asilimia 1 inakutosha:

```
sudo tune2fs -m 1 /dev/sda2
```

Inakubali hata patisheni ikiwa imepachikwa, na nafasi inarudi papo hapo.

Baada ya hapo, safisha kabla ya kuhamisha. /var/log ya GB 3.1 bila shaka ni journald, chombo kinachoandika rekodi za mfumo. Chenyewe hujiruhusu asilimia 10 ya diski, na kikomo chake ni GB 4. Kwenye seva hiyo si kitu. Kwenye diski ya GB 47 ni nyingi mno.

```
sudo journalctl --vacuum-size=200M
```

Kisha ndani ya /etc/systemd/journald.conf weka `SystemMaxUse=200M` na uwashe upya systemd-journald, la sivyo zitajaa tena.

/var/cache ya GB 1.3 inaniambia unatumia `apt-get`. Amri ya `apt` hufuta vifurushi ikishamaliza kusakinisha, lakini `apt-get` huviacha vyote kwenye /var/cache/apt/archives. `sudo apt clean` inamaliza. Ongeza `sudo apt autoremove --purge` kwa ajili ya kerneli za zamani.

Docker ndiyo ya kuangalia kwa makini. Anza na `docker system df` uone kilichokalia nafasi. Kwa watu wanaojenga imeji mara kwa mara, sehemu kubwa ni imeji ambazo hazina kontena tena pamoja na kashe ya ujenzi:

```
docker image prune -a
docker builder prune
```

Tahadhari: usiguse volyumu (hifadhi ya data ya kontena) mpaka ujue ndani kuna nini, maana hifadhidata zako zinaweza kuwa humo. Na usikimbilie kuhamisha /var/lib/docker kwenda HDD. Imeji za kontena ni maelfu ya vifaili vidogo, kwa hiyo mahali pake ni SSD. Zipunguze, zibaki hapo hapo.

Halafu ndiyo uhamishe. Videos na mashine pepe za zamani zinakwenda HDD. Ile unayoiwasha kila siku ibaki SSD, kwa sababu ndani yake kuna mfumo mzima unaoruka ruka. Nakili kwa rsync, linganisha, ndipo ufute:

```
rsync -aHAX --info=progress2 ~/Videos/ /data/Videos/
```

Na kwenye /etc/fstab:

```
UUID=...       /data              ext4  defaults,noatime,nofail  0 2
/data/Videos   /home/mimi/Videos  none  bind,nofail              0 0
```

Mimi napendelea bind (kupachika folda moja juu ya nyingine) kuliko kiungo cha `ln -s`, kwa sababu programu zote huiona folda kama folda, na hakuna chombo cha bakapu kitakachonakili kiungo na kuacha data nyuma. Neno `nofail` usilisahau: HDD ikigoma siku moja, kompyuta itawaka bila hiyo badala ya kukutupa kwenye hali ya dharura.

---

nusu_gigabaiti alijibu:

Fundi amemaliza mengi. Mimi nagusa swap tu, maana GB 8 kwenye diski ya 60 ni nyingi kwa mtu asiyelaza kompyuta yake kwenye diski (hibernate). Mkuu, kama hutumii huo ulazaji, weka zram: swap inayokaa ndani ya RAM yenyewe ikiwa imebanwa. Fedora imekuwa ikiiwasha bila kuombwa tangu toleo la 33, mwaka 2020. Kwenye Debian sakinisha `zram-tools`, kisha ndani ya /etc/default/zramswap:

```
ALGO=zstd
PERCENT=50
```

Kurasa za kumbukumbu mara nyingi hubanwa hadi nusu au theluthi, kwa hiyo RAM ya GB 8 inapata pumzi ya kutosha kwa vichupo vyako. Ukipenda ipandishe `vm.swappiness` (utayari wa kerneli kutumia swap), tangu kerneli 5.8 inakubali hadi 200, na kwa zram namba kubwa ni sawa kwa sababu kusoma kutoka humo hakugusi diski.

Kwa bahati nzuri sda3 yako iko baada ya sda2, hivyo unaweza kuifuta na kuirefusha ya mfumo bila hata kuzima kompyuta. Fanya bakapu kwanza. Kisha `sudo swapoff /dev/sda3`, toa mstari wake kwenye fstab, futa patisheni ya 3, halafu:

```
sudo growpart /dev/sda 2
sudo resize2fs /dev/sda2
```

`growpart` iko kwenye kifurushi cha cloud-guest-utils. Jambo moja ambalo wengi hulisahau: initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kuwaka kabla ya Debian yenyewe) bado inaikumbuka ile swap kama mahali pa kuamkia. Usipoiambia vinginevyo, kila ukiwasha kompyuta itasimama kuitafuta kwa muda kabla ya kukata tamaa na kuendelea, nawe utadhani SSD inakufa. Andika `RESUME=none` kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, kisha `sudo update-initramfs -u`.

---

LVM_daima alijibu:

Wakuu, mbona mnamchosha mwenzetu kwa kupanga folda kwa mkono? Kerneli inaweza kupanga yenyewe. bcache imo tangu 3.10, dm-cache tangu 3.9, zote za mwaka 2013. Unaweka mfumo wote kwenye HDD ya TB 1, SSD inakuwa kashe mbele yake, na vinavyosomwa mara kwa mara vinapanda juu vyenyewe. Kwa LVM (chombo cha Linux cha kugawa na kuunganisha diski) ni amri moja:

```
lvconvert --type cache --cachevol kashe vg0/root
```

Hakuna tena kufikiria Videos ziko wapi.

---

fundi_saraka alijibu:

Nakubaliana nawe kwenye seva, au pale ambapo data inayotumika sana inabadilika badilika na hakuna mtu wa kuipanga. Kwa mlinzi_wa_faili nasita, na sababu zangu ni hizi.

Data yake inayohitaji kasi inajulikana: mfumo, mipangilio, msimbo, Docker, mashine pepe moja. Jumla haifiki GB 25, inaingia yote kwenye SSD na nafasi inabaki. Kashe inasaidia pale ambapo data inayotumika sana haienei yote kwenye diski ya kasi, na yeye hayuko hapo. Tena kashe hujifunza: programu uliyoiacha kwa muda inaweza kuwa imeshatolewa, na siku unayoihitaji inasomwa kutoka HDD.

Lingine ni usalama. Kwenye writethrough kila kinachoandikwa kinafika HDD kabla hujaambiwa kimeandikwa, kwa hiyo SSD ikifa hupotezi kitu, lakini uandishi unakwenda kwa mwendo wa HDD. Kwenye writeback unapata kasi ya kuandika, ila kuna data ambayo iko SSD peke yake, na SSD ikifa mfumo wa mafaili ulio kwenye HDD unabaki na mapengo. Diski mbili zinakuwa zimefungana hatima. Na ili aingie huko lazima asakinishe upya, maana sasa hivi hana LVM, na bcache nayo inataka sehemu yake ya taarifa kwenye HDD iliyo nyuma ya kashe.

Kama angekuwa anaanza upya leo, afadhali ningemshauri Btrfs, mfumo wa mafaili unaoweza kubana data, yenye `compress=zstd:1` kwenye patisheni ya mfumo. /usr na mazingira ya Python hubanika vizuri. Huko nako kuna sharti: snapshoti (nakala za hali ya mafaili ya wakati fulani) zisiachwe zirundikane, na nafasi isomwe kwa `btrfs filesystem usage`, kwa sababu df ya kawaida haionyeshi picha yote. Kusakinisha upya kwa ajili ya hilo peke yake, hapana.

---

mlinzi_wa_faili alijibu:

Wakuu, asanteni sana. Nimefuata mpango wa fundi, kisha zram na kufuta sda3 kama alivyoelekeza nusu_gigabaiti. Docker peke yake imerudisha GB 5.7, karibu yote ikiwa kashe ya ujenzi. Sasa hivi:

```
Filesystem      Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/sda2        55G   20G   35G  37% /
```

`fstrim.timer` iko enabled na DISC-GRAN si sifuri. Kivinjari kinafunguka kama zamani na sasisho limepita lote.

Nina mawili yamebaki. Faili la qcow2 la mashine pepe ya kila siku linakua tu, hata nikifuta vitu ndani yake halipungui. Pia nimejaribu kuwasha kompyuta HDD ikiwa imechomolewa: imewaka vizuri kama mlivyosema, lakini folda ya Videos ilionekana tupu, na nilipopakua kitu kikaenda kuandikwa SSD. Hilo linanipa wasiwasi, kwa sababu sitajua mpaka ijae tena.

---

fundi_saraka alijibu:

Umefanya vizuri kulijaribu hilo, wachache sana wanaochomoa waya kuhakikisha.

La qcow2: ndani ya XML (faili la mipangilio) ya mashine, kwenye mstari wa `driver` wa diski, ongeza `discard='unmap'`, zima mashine kabisa na uiwashe tena. Kisha ndani yake endesha `sudo fstrim -av`. Mashine ya ndani inaiambia qcow2 bloku zipi hazitumiki, qcow2 inaliachia faili lipungue kwenye ext4, na fstrim ya nje inafikisha habari hadi kwenye SSD. Washa timer ndani ya mashine pia ili usiwe unakumbuka mwenyewe. Pima kwa `du -h`, usipime kwa `ls -l`, kwa sababu ls inaonyesha urefu wa faili na si nafasi linayokalia.

La Videos: folda unayoiona HDD ikiwa haipo ni ile tupu iliyo chini, kwenye SSD. Ifunge isikubali kuandikwa. Ondoa kwanza ulichopakua humo siku ile, hakikisha hakuna kilichopachikwa, halafu:

```
sudo umount /home/mimi/Videos
sudo umount /data
sudo chattr +i /data /home/mimi/Videos
sudo mount -a
```

HDD ikiwepo, kila kitu kinaendelea kama kawaida kwa sababu unachokiona ni folda ya HDD, ambayo haina alama hiyo. Isipokuwepo, programu itakataliwa kuandika hapo hapo na utaona kosa kwenye skrini. `lsattr -d /data` kabla ya kupachika itakuonyesha herufi `i`.